Kisutu Kilichokatwa

Mimi sikuzaa, nilipasuliwa. Ndivyo walivyosema wanawake wa mtaani kwetu Ngamiani, tena mbele yangu, wamekaa kwenye mkeka wa mama yangu wanakunywa uji wangu wa pilipili manga. "Aujuaye uchungu wa mwana ni mzazi," mmoja akasema, "huyu mwenzetu kalala usingizi, kaamshwa kapewa mtoto." Wakacheka hao! Ningeweza nami ningecheka, lakini ukishachanwa tumbo kucheka ni adhabu. Hata chafya ikija unamwita mama yako.

Miaka ile ya hamsini waliopasuliwa tulikuwa wachache, na hakuna aliyejua tuvishwe nini. Aliyejua ni nesi mmoja wa Kibondei, mwanamke asiye na mchezo. Siku ya kutoka hospitali alisimama mbele ya mama yangu na mume wangu akasema maneno yake wazi. Nisifungwe mkaja. Mkaja ni kile kitambaa ambacho kwetu mzazi hufungwa tumboni na kukazwa, tumbo lirudi mahali pake. Nisikandwe maji ya moto juu ya jeraha. Na chupi za mpira nizisahau, maana jeraha langu lilianzia chini ya kitovu likashuka, na mpira ungekaa juu yake kama panga.

"Mtafutieni nguo pana," akasema. "Laini, iliyofuliwa mpaka ikachoka. Mpya itamkwaruza."

Mume wangu alikuwa fundi cherehani, alishonea kwenye baraza ya duka la nguo. Basi akaanza kuuliza. Je, chupi ipande mpaka juu ya kitovu? Ifungwe kamba, na kamba ikae ubavuni isiguse mbele? Mshono wa gauni upite wapi? Nesi akamtazama, akaniambia, "Dada, wewe una mume." Nilivimba kichwa, wallahi. Tanga nzima nani mwingine alikuwa na mume wa kukaa chini amshonee mkewe chupi?

Nikamwambia, "Sandukuni kwangu kuna kanga kuukuu, kata uzitakazo. Kisutu tu usikiguse."

Kisutu changu, ile kanga ya bibi harusi, kilikuwa cha bibi mzaa mama. Alikivaa siku ya harusi yake, mama akakivaa siku yake, na mimi nikakivaa siku nilipoingizwa kwa mume. Wekundu wake ulikuwa umefifia na weusi umekuwa kama kahawa iliyotiwa maji, lakini kilikuwa laini kuliko nguo yoyote nyumbani. Nilikuwa nimekikunja na vipande vya udi, kimngoje binti yangu. Na binti ndiye huyo aliyetolewa tumboni kwa kisu.

Nilienda kwa mama kukaa arobaini, kama ada ilivyo kwa mzazi wa kwanza. Nyumba ya mume wangu ilikuwa mitaa michache tu kutoka hapo. Hamu yangu ilikuwa moja: arobaini iishe, nirudi chumbani kwangu. Kila asubuhi nilimsimulia mama nitakavyotandika kitanda, nitakapomlaza mtoto, pazia nitakalobadilisha. Mama alikuwa akijibu, "Inshallah."

Furushi la nguo likaja. Magauni mapana yenye vifungo mbele, nipate kunyonyesha bila kujivua. Kamisi ya kuvaa ndani, isiyo na mshono tumboni. Na chupi, zile alizoziulizia, pana, za kiuno kirefu, za kamba. Nikaigeuza moja nitazame ushonaji. Nyekundu, nyeusi, nyeupe. Kisutu!

Nilipiga ukelele mpaka mtoto akaamka. Mama akaja mbio. Nikamnyooshea, nikangoja alipuke, maana mama yangu alikuwa na ulimi, fundi yule angetukanwa mpaka vitukuu vyake. Kisutu kilikuwa cha mama yake mzazi! Mama aliishika ile chupi, akapitisha kidole kwenye pindo, akanirudishia.

"Laini," akasema. "Vaa, mwanangu." Akarudi jikoni.

Ningepaswa kujua hapo. Mama hakuwa mtu wa kushindwa hivi hivi. Hata mkaja hakuugombania, yeye aliyewafunga wazazi wa mtaa mzima mikaja kwa mikono yake. Lakini nilikuwa mjinga mwenye furaha, nikamtafutia mume wangu udhuru. Nikasema, kachagua kitambaa laini kuliko vyote, kajali kidonda changu kuliko nguo ya kale. Na kwa kweli zile chupi zilikuwa raha tupu. Siku nilipozivaa ndiyo siku niliyosimama wima nikaenda uani bila kushika ukuta, bila kuhisi kitu kinanila tumboni. Wazee wamesema kikulacho ki nguoni mwako, nami nilikuwa nimekivaa na kumwombea dua aliyekishona.

Mwanzoni mume wangu alikuja kila siku. "Shikamoo mama," angesema ukumbini, ampakate mtoto, aniulize nguo zinakaaje, kamba hainiumizi? Kisha siku zikapita haji. Akija anakaa kidogo, macho yako mlangoni.

"Nina nguo za harusi nashona," akaniambia. "Wenyewe wananiharakisha."

"Usijichoshe, mume wangu," nikamjibu. Lo! Nikamwonea na huruma.

Ijumaa moja mama akajitanda kanga yake ya kutokea, akasema anakwenda Tongoni kwenye hitima, kumsomea marehemu mmoja, jirani atanitazama. Alirudi kabla ya magharibi na bakuli la pilau lililofunikwa kawa. Harufu iliingia kabla yake. Nusura nile kwa mikono miwili. Nikamwuliza hakuniletea ukoko? Akafungua kijitambaa, kumbe kauweka mbali, anajua ninavyoupenda. Yeye hakula, alisema ameshiba. Alikaa kitandani pangu ananitazama nikitafuna.

Arobaini ikatimia. Mtoto akanyolewa, mimi nikaoga, nikavaa gauni zuri kuliko yote, nikafunga mzigo wangu. Mama akaja akaukalia.

"Ngoja kidogo," akasema.

"Nimengoja arobaini nzima, mama. Nataka kwenda kwangu."

"Kwako kuna mtu."

"Mtu gani?"

"Mke," akasema mama.

Ndugu za mume wangu walikuwa wamemwambia kwamba tumbo lililotiwa kisu halizai tena, atafute lingine mapema. Akaenda kwa mama yangu kuomba radhi, nami bado niko kitanda cha hospitali na mpira wa dawa mkononi. Kwa hiyo siku ile anamwuliza nesi kamba ikae wapi, alikuwa ameshachumbia. Maswali yote yale! Mtu anapima kiuno cha huyu, kichwani ana kiuno cha yule.

"Nilimwambia asikuache," mama akasema. "Nikamwambia aoe, lakini wewe ubaki."

"Na kisutu?"

"Nilipokiona kimekatwa nilijua hakuoni tena kama bibi harusi wake."

"Mbona hukuniambia?"

"Mzazi hashtuliwi. Ungeshtuka, maziwa yakauke, na tumbo lile lifumuke. Nilingoja kidonda kifunge."

Kilikuwa kimefunga, kweli. Nikawakumbuka wanawake wa mkekani, kicheko chao, uji wangu. Wote walijua. Ngamiani nzima ilijua isipokuwa mimi na mtoto. Mume sikumlilia sana, wanaume sheria imewapa wake wanne, na kwake sikurudi tena. Lakini mama! Mama ndiye aliyenisikiliza kila asubuhi nikitandika kitanda ambacho mwingine anakilalia.

"Harusi ilikuwa lini?" nikauliza.

Akaanza kunyoosha pindo la kanga yake.

"Mama, ilikuwa lini?"

"Ijumaa ile."

"Ijumaa ipi?"

Akaitazama kawa iliyotundikwa ukutani. Nikaitazama na mimi. Ile ladha ya bizari ikanirudia mdomoni, na ukoko, nilivyoulamba mpaka kwenye vidole.

"Mama, ulinilisha pilau ya harusi ya mume wangu?"

"Ulikuwa unanyonyesha," mama akasema. "Ulikuwa na njaa."