Siku Fundi Musyoka Alipotoka Chumba cha Eda

Siku ile nyumbani kwangu Likoni tulikuwa watu wanne. Mimi, Mwanaidi. Mdogo wangu Mwanamisi, tumbo moja, aliyekuwa akikaa eda ya mumewe, mwezi wa pili. Mjukuu wangu Riziki, binti wa mwanangu Salimu, miaka minane. Na fundi Musyoka, mtu wa bara, aliyeweka cherehani yake barazani kwangu mwaka wa sita huo. Udugu hatukuwa nao, lakini sahani yake ilikuwa kwangu.

Asubuhi ilikuwa kama nyingine. Mimi napepeta mchele, fundi ashona sare za shule, Riziki amekaa chini ya meza yake ataka kisa. Fundi alikuwa na shujaa wake, wa kujitungia mwenyewe: mtu mwenye joho jekundu, arukaye juu ya bandari ya Kipevu, anyanyuaye kontena kwa mkono mmoja kumtoa aliyebanwa. Ukimwita, huja. Nikamwambia, mtu mzima wewe, wamdanganya mtoto. Akacheka, akasema kama ni uongo mbona mchele nimeusahau.

Salimu hakuvipenda visa vile. Alisema dunia hii kila mtu na lake, na mtoto heri ajue mapema.

Maneno yalikuwako tangu juma lililopita. Vikaratasi vilikuwa vikiokotwa vichochoroni: watu wa bara wahame. Nilimwambia fundi aende. Akasema amalize sare kwanza, shule zafunguliwa Jumatatu. Nami sikumsukuma. Nilidhani yatapita.

Baada ya adhuhuri tukaona moshi upande wa mtaa wa Shika Adabu. Kisha watu wakikimbia, hawasemi.

Nikamtia fundi chumbani kwa Mwanamisi.

Kwetu mwanamke aliye edani haonwi na mwanamume wa kando. Nilijua nifanyalo. Mwanamisi alijifunika shuka yake nyeupe, akageukia ukutani, akasema, "Mtie nyuma ya kitanda. Mungu ayaona."

Wakaja watano, na mapanga. Mbele yao Hamadi wa Bi Rukia, niliyemwogesha siku aliyozaliwa.

"Shikamoo, bibi."

"Marahaba, mwanangu."

"Fundi yuwapi?"

Nikasema sijui. Akautazama mlango wa chumba. Nikamwambia mle mna mjane, yu edani, aingie akamtazame kama moyo wake wampa. Akainamisha macho. Akaniomba radhi, wakatoka.

Nikadhani tumeokoka.

Kisha sauti uchochoroni. Ilikuwa ya Kasyoka, muuza mboga, naye wa bara, na alikuwa mja mzito. Aliita majirani kwa majina, mmoja mmoja. Hakuna mlango uliofunguka. Aliita na langu.

Fundi akatoka nyuma ya kitanda. Nikamwahi kwenye mlango wa mbele, nikamshika shati.

"Musyoka, watakuua."

"Bibi, si anaita?"

Shati likaniponyoka.

Hakuwa na kitu mkononi. Aliwapigia kelele wale vijana waliomzingira Kasyoka, akakimbilia upande wa pili, nao wakamfuata. Kasyoka akapata nafasi akaingia msikitini.

Fundi hakufika kwenye kona.

Nilikuwa nimesahau kumfumba Riziki macho. Aliniuliza, "Bibi, atainuka?" Nilivua leso yangu nikaenda kumfunika fundi, na hilo ndilo pekee nililoliweza siku hiyo.

Salimu alisema visa vyake mwenyewe ndivyo vilivyomuua. Miaka mingi nilimkubalia.

Sasa Riziki ni mwalimu wa chekechea huko Kisauni, na visa vya yule mtu wa joho jekundu huwasimulia watoto kila Ijumaa. Babake bado amcheka. Akisoma habari kwenye simu husema nchi imeoza, nani wa kumwokoa nani. Simbishii, mengi asemayo ni kweli. Lakini mimi nalikuwapo. Siku ile sote tulijua dunia ilivyo, twaijua sana, ndiyo maana tulifunga milango. Mmoja tu alikuwa na jambo jingine kichwani, kwamba mtu akiitwa huenda. Sijui alilipata wapi ila mle katika visa vyake. Ndiyo maana simkatazi Riziki, ingawa kila akisimulia roho yangu huenda mbio, kwa kuwa sijui ni yupi kati ya wale watoto atakayemwamini.

Mwana wa Kasyoka yuko Changamwe, ana watoto wake watatu wa kuwalea. Fundi hakuacha mtoto.

Haya ndiyo nikumbukayo. Huenda wale vijana walikuwa saba, si watano. Liko na jingine. Nimesema shati liliniponyoka. Mwanamisi, Mungu amrehemu, alikuwa amegeuka kutoka ukutani, na mlango wa chumba ulikuwa wazi; mpaka anafariki alisema niliachia, kwa kuwa Hamadi alitazama nyuma nami nikaogopa kuonwa nimemshika fundi. Riziki nikimuuliza hunibusu mkono akaaga. Bi Rukia, Mzee Athumani, Mama Zuhura, mlikuwa mkichungulia madirishani, nawajua. Aliyeuona mkono wangu anisahihishe.