Mpira wa Chujio la Bwawa

Kwa siku tatu Rozina alizunguka maduka ya Sumbawanga akiwa na mpira mweusi wa mviringo shingoni, kama mkufu. Ulikuwa umepasuka. Ndio uliokuwa ukiziba mfuniko wa chujio la bwawa la kuogelea alilolitunza hotelini kwa miaka sita. Mpya Dar es Salaam walimtajia laki mbili. Mwenye hoteli, mzee Valerian, alishasema: chujio likivuja hadi Jumamosi, bwawa linafukiwa, panapandwa mahindi.

Ijumaa asubuhi Mboje, mfugaji anayeleta maziwa, aliingia jikoni mwa hoteli, akamwona Rozina, akaangua kicheko.

“Dada, mbona umevaa mpira wa keni yangu?”

Akafungua keni ya maziwa. Kwenye mfuniko kulikuwa na mpira uleule, unene uleule!

“Unauzwa wapi?”

“Duka la dawa za ng’ombe. Elfu nne tu. Kimbia!”

Rozina alikimbia, ndala mkononi. Akarudi akihema, akaupaka mpira mpya mafuta ya alizeti, akafunga mfuniko, akawasha pampu. Akakinga kiganja chini ya mfuniko. Kikabaki kikavu.

“Mzee Valerian!” alipaza sauti. “Mahindi tukapande shambani kule Pito!”