Ndege Iliyoharibu Bao Langu

Wasee, leo ndege ndogo imetua kwa uwanja wetu hapa Lucky Summer, mechi ikiendelea!

Ilikuwa ndiyo tu imepaa, injini ikazima.
Tukaiona inashuka kimya, inakuja kwetu.
Watu wakatoka mbio, hata kipa wa wapinzani wetu.
Mimi nikaona goli liko wazi. Nikafunga. (Mama, usisome hii.)

Ndege ikasimama karibu na kona. Rubani akashuka mzima.

"Kuna mtu ameumia?"

"Hakuna," kipa akamjibu, "lakini hilo si bao!"

Tukabishana mpaka refa akamgeukia rubani. "Bosi, wewe ulikuwa juu. Uliona nini?"

Rubani akapangusa jasho, akaniangalia.

"Huyu alikuwa ameotea."

Sasa semeni nyinyi: ni bao ama si bao?