Kibuyu cha Meza Kuu

Juzi niliketi katika hoteli moja mjini Kitale, na mezani palikuwa na kibuyu kilichotiwa maua ya plastiki. Nikakiinua, nikanusa ndani. Kilinuka vanishi. Nilikirudisha kwa kishindo hadi mhudumu akageuka, ikabidi nimwombe radhi. Yeye hana kosa.

Kibuyu ninachokijua mimi kilinuka moshi. Kilikuwa cha Kogo, mama yake baba, aliyehamia kwetu kutoka Cheptais na sanduku moja na kibuyu hicho. Alikisugua ndani kwa kijiti kilichochomwa, akamimina maziwa, akaziba. Baada ya siku kadhaa yalitoka mazito, yenye rangi ya majivu, na utamu ambao siwezi kuwaeleza mkaelewa.

Nilikuwa darasa la sita shule yetu ilipoandaa harambee ya kujenga bweni. Mwalimu Nasimiyu, mtu wa Kabuchai, mchangamfu na mpenda mapambo, alituagiza tulete vyombo vya kuwekea maua kwenye meza za wageni. Wenzangu walileta mikebe na chupa za soda. Mimi, kwa kutaka sifa, nilimwomba Kogo kibuyu. Alikipangusa kwa leso yake, akanipa. "Kirudi jioni," akasema.

Mwalimu alipokiona alipiga makofi. "Aki hii ni ya meza kuu!" Lakini waridi hazikuingia kwenye mdomo mwembamba wa kibuyu, basi akaitisha msumeno kwa fundi. "Si hii ni ya zamani tu? Nyanya yako hatajali, ama?"

Darasa zima lilikuwa linanitazama. Nikajibu, "Hatajali, Mwalimu."

Kikakatwa shingo. Unga mweusi wa makaa ukamwagika sakafuni, na mtu akaufagia.

Nina hasira na msumeno ule hadi leo. Nina hasira na mgeni wa heshima aliyekisifu kwenye maikrofoni, ati utamaduni wetu, kisha akatupa kijiti chake cha meno humo humo. Na zaidi ya wote nina hasira na yule msichana wa darasa la sita, mimi mwenyewe, aliyesimama pembeni akichekacheka kwa kuwa ametajwa jina.

Kogo alikuwa ameketi nyuma kabisa hemani, amevaa sweta yake ya kanisani. Alikiona kibuyu chake. Watu walipopiga makofi, naye akapiga. Jioni nilipomrudishia, aliyatoa maua moja moja, akayatia kwenye kikombe. "Maua ni mazuri, mtoto wangu." Sikuchapwa wala kukemewa, nikafurahi.

Tangu siku hiyo hakutengeneza tena maziwa yale. Nilipouliza, alisema tumbo lake limezeeka, nami nikaamini. Nilikuwa mtu mzima tayari shangazi aliponiambia, akishangaa kwamba sikujua, kuwa kibuyu kile Kogo alipewa na mamake siku alipoolewa. Aliishi nasi miaka tisa baada ya harambee ile, akinywa chai tu kama sisi wengine, na tumbo lake lilikuwa zima kabisa.