Nyumba Ambayo Sikulala

Niliporudi kutoka Ulaya nilikuwa na maringo yasiyovumilika. Mama yangu mwenyewe alisema nimeanza kushika kikombe kama mtu anayeogopa kukiumiza. Nilikuwa miongoni mwa mabibi maendeleo wa kwanza pale Same, nikapelekwa Denmark kusomea lishe, malezi na ushirika, na kozi ilipokwisha zilinibakia wiki tano kabla ya safari ya nyumbani. Wenzangu walijipanga wawili wawili wakaenda kutembea. Mimi nilikata tiketi ya treni nikaenda peke yangu, maana sikutaka mtu wa kuniambia tupumzike.

Sitaficha, nilifurahi. Mwanamke wa Kipare, aliyebeba wadogo zake mgongoni tangu akiwa na miaka sita, ghafla ana kiti chake, dirisha lake na mkate wake asiougawa na mtu. Hamburg mvua ilininyeshea mpaka chupi nami nikacheka. Ubelgiji bibi mmoja alinigusa nywele bila kuomba ruhusa, nikamgusa zake, tukawa sawa. Uswisi niliitazama milima yao nikaikasirikia kidogo kwa kuwa mirefu kuliko ya kwetu Wapare. Nililala kwenye hosteli za wasichana karibu na stesheni, nikala mkate na jibini kwa sababu soseji sikujua zimetoka kwa mnyama gani. Kila nilipovuka mpaka niliandika jina la nchi kwenye daftari. Wakati ule niliona huo ni ujanja. Leo naona nilikuwa na tamaa ya nchi kuliko tamaa ya watu, na mtu akisafiri peke yake hana wa kumshika shati amwambie, wewe, simama kwanza.

Uholanzi treni ilipita kwenye ardhi waliyoipokonya bahari. Sijapata kuona kitu kilichonyooka namna ile. Barabara imenyooka, mifereji imenyooka, nyumba za mapaa mekundu zimekaa kwenye mstari, kila moja na shamba lake. Nikashuka kwenye stesheni ndogo nikatembea. Mama mmoja wa makamo alikuwa anafuta madirisha ya nyumba yake. Aliponiona aliweka kitambaa chini, akanionyesha mlango, akafanya ishara ya kunywa kitu. Nikamwonyesha saa yangu, kwamba treni inaondoka. Hakuniachia. Alinishika mkono, akaelekeza macho shambani, akasema maneno mengi bila kutabasamu, kisha akainama akachota udongo, akausugua viganjani na kutikisa kichwa. Sikuelewa hata neno moja. Niliitikia kwa adabu, nikamshukuru, nikakimbia. Ndani ya treni niliandika: "Kijiji cha mpango. Watu wana furaha." Nilikaa robo saa tu, nikamwona mtu mmoja ambaye hakutabasamu, na hayo ndiyo niliyoyaandika.

Nilirudi wakati nchi nzima inaimba ujamaa. Nami niliimba, tena kwa sauti ya juu. Watu wa milimani walikuwa wanahimizwa washuke bondeni kwenye kijiji kipya kilichopimwa kwa mistari, ng'ambo ya mashamba ya mkonge, na mimi nikachaguliwa kwenda kusema nao huko kwetu Chome, kwa sababu ni mtoto wa pale na nimefika Ulaya. Sikutumwa kudanganya, naomba hilo lieleweke. Niliamini. Lori lilinifikisha lilipoweza, nikapanda kwa miguu sehemu iliyobaki, ukungu wa mlima Shengena umekaa juu ya migomba, na rohoni nilikuwa nawaonea huruma wale watu kwa kulima mahali palipoinama.

Mkutano ulikuwa kwenye uwanja wa shule. Niliwaeleza kijiji nilichokiona Uholanzi na hiki kitakachofanana nacho: barabara zilizonyooka, zahanati karibu, shule karibu, kila nyumba na eneo lake. Walinisikiliza vizuri, wakiwa na fahari na mimi. Ndipo akasimama mjomba wangu, kaka mkubwa wa mama, yule aliyembembeleza baba mpaka akakubali niende shule. Sisi Wapare tunataniwa kwamba mtu wetu yuko tayari kuuza ng'ombe ili ashinde kesi ya kuku. Mjomba alikuwa mzee wa baraza mahakamani, na maswali yake watu waliyajua.

"Shikamoo, mjomba," nilisema.

"Marahaba, mwanangu. Hao watu uliowaona, walitoka mahali pengine wakahamia pale?"

"Ndiyo, mjomba. Ardhi ni mpya."

"Na mavuno yanawatosha?"

"Yanatosha na kubaki."

Shamba lake lilikuwa chini ya ndiva, lile bwawa ambalo wazee walilijenga la kukusanya maji ya mlimani, na zamu yake ya maji aliirithi kwa baba yake. Migomba, kahawa, maharage, vyote vilikunywa kwa zamu ile. Kama angefunga mlango na kushuka, zamu ingekwenda kwa mwingine.

"Kitanda usichokilalia hujui kunguni wake," alisema. "Wewe ulilala katika nyumba zile?"

Uwanja mzima ulinitazama. Ningeweza kusema hapana. Ningeweza kusema nilipita tu, sikunywa hata kikombe cha kahawa. Lakini nilikuwa nimesimama pale nikiwa na viatu vya Ulaya na koti la Ulaya, na mbele ya watu walionijua nikiwa na kamasi sikutaka kuonekana kama mtu aliyechungulia dirishani.

"Nililala, mjomba."

"Basi," alisema, akiwageukia wenzake. "Shahidi amesema."

Yeye ndiye aliyekuwa wa kwanza kuandikisha jina. Wengi walisema watafikiri, wakaendelea kufikiri mpaka habari ile ikapoa. Yeye alihama na mkewe kabla ya vuli, na zamu ya maji ikapewa jirani.

Huko bondeni kisima kilichimbwa, kikatoa maji ya chumvi. Mahindi yalifika magotini yakakauka. Ng'ombe wa wafugaji walipita walipozoea kupita siku zote, mistari yetu hawakuijua. Nilikwenda mara mbili, zote mbili kwa gari la ofisi nikiwa na wageni, na mjomba alivaa koti, akawapokea, akasema kijiji ni kizuri. Jirani zake walipolalamika aliwaambia, "Vumilieni. Mpwa wangu alilala kwenye vijiji vya namna hii, anajua." Maneno hayo niliyasikia kwa masikio yangu, na nilitazama pembeni.

Mwaka wa pili homa ya bondeni ikamchukua mkewe. Sisi wa mlimani mbu tulikuwa hatuwajui vizuri. Tulimzika palepale, nyuma ya nyumba.

Watu walipotawanyika baada ya matanga nilibaki. Mjomba alikuwa amekaa kwenye kigoda, anapepeta mahindi ya makande, kazi ambayo sikuwahi kumwona akiifanya mkewe akiwa hai. Nikapiga magoti mbele yake nikamwambia. Kwamba sikulala. Kwamba nilishuka kwenye treni nikatembea robo saa. Kwamba niliona aibu.

Hakuinua macho kwenye ungo.

"Nilijua," alisema.

"Ulijua nini, mjomba?"

"Ulisita. Nimekaa barazani miaka mingi, mwanangu. Shahidi aliyelala mahali hasiti, hujibu na kuanza kulalamikia mablanketi."

"Sasa mbona ulihama?"

"Ningefanyaje? Swali nimeliuliza mimi, tena mbele ya watu. Ningebaki mlimani baada ya jibu lako, kila mtu angefahamu kwa nini nimebaki. Wangesema mtoto wa dada yangu ni mwongo. Nani angekusikiliza tena pale?" Akapuliza makapi. "Nilidhani tutaweza kuvumilia. Mke wangu sikumwambia."

Nilimwomba arudi nami Chome siku ileile. Nilisema nitazungumza na jirani kuhusu maji, nitapiga magoti kwa kila mtu kijijini. Akatikisa kichwa, akaonyesha kwa kidevu udongo mbichi nyuma ya nyumba.

"Nani atakaa na huyu?"

Kisha akaniuliza kama nimekula. Alinipakulia makande ya jana, na nilikula yote, kwa sababu sikuwa na uso wa kumkatalia kitu kingine chochote.