Kandambili Iliyolia kwa Velo ya Baba

Mwaka wa 1980, nikiwa na miaka kumi na mbili, taabu yangu ilianza kwa sauti. Si kwa njaa, si kwa bunduki. Kwa sauti ya kauchu, yaani mpira, inayosuguana na tairi. Hata leo, kijana akifunga breki vibaya mbele ya duka langu hapa Butembo, ninaacha kile ninachoshika na ninasimama wima. Wateja wanadhani ni uzee. Hapana. Wao sijawaeleza, mais ninyi nitawaeleza.

Baba yangu alikuwa kumba-kumba. Ndivyo tunavyowaita wanaume wanaosukuma velo, yaani baiskeli, zenye mizigo mirefu kuliko wao. Alishusha mashu, ndiyo kabichi, pamoja na vitunguu na viazi kutoka kwetu Vuhovi kwenye baridi mpaka Beni kwenye joto, halafu alipandisha mafuta ya mawese ndani ya bido, madumu ya njano. Juu ya ile velo sikumwona amekaa hata mara moja. Kiti kilikuwa cha muzigo. Yeye alitembea kando, mugongo umepinda, jasho linanuka mawese.

Juzi mujukuu wangu alinionyesha kwenye telefone Wazungu wanaosafiri na velo. Mifuko midogo imefungwa chini ya kiti, mingine kwenye usukani, mingine katikati ya vyuma. Kamba za kuvutika, pompe ndogo ya kujaza hewa, taa ya kichwa, shiti la kulalia porini. Kijana anasema, "Koko, ona vile wamejipanga." Nikamuuliza wanauza nini. "Hawauzi kitu, Koko. Wanatembea tu." Nilishangaa mpaka nikatafuta kiti. Mutu afunge velo vizuri namna ile, apande milima, alowe mvua, halafu afike sokoni bila kitu cha kuuza! Mais vile vyombo nilivitambua kimoja kimoja. Baba alikuwa navyo vyote, na dukani hakununua hata kimoja.

Alikuwa na fimbo ndefu iliyofungwa kwenye usukani upande wa kushoto, ili aongoze gurudumu huku akitembea kando. Alikuwa na fimbo ya pili iliyosimama nyuma ya kiti, hiyo ya kusukumia. Alikuwa na muti wenye panda wa kusimamishia velo akitaka kupumzika. Bila huo muti unapumzika ukiwa umeikumbatia kama mulevi. Alikuwa na kopo la maziwa lenye viraka, gundi na reyo, zile spoku za gurudumu. Na mikanda ya kauchu aliyokata mwenyewe kwenye shambiri kuukuu za kamio, mipira ya ndani ya matairi ya lori. Kamba ya kawaida, muzigo ukilala inalegea. Kauchu inafuata muzigo inavyolala. Alikuwa akisema, "Velo haibebaka muzigo. Kauchu njo inabeba. Velo inasindikiza tu."

Halafu kandambili. Ilikuwa ya kushoto, ya kukatwa kwenye tairi ya gari. Ya kulia ilichukuliwa na maji alipokuwa anavuka muto. Wengine wangeitupa na hii. Baba aliifunga juu ya gurudumu la nyuma, akapitisha kamba mpaka kwenye ile fimbo ya kusukumia. Kwenye muteremko alivuta kamba, kandambili ikauma tairi, velo ikatii. Mais ilikuwa inalia! Ililia kama mbuzi aliyesahauliwa kwenye mvua. Breki za kumba-kumba wengine zilikuwa za ubao, zilinguruma tu. Ya Baba ilijulikana kilima kizima.

Nyumba yetu ilikuwa chini ya muteremko. Mbuzi yule akilia kule juu, Mama alitia maji motoni ya kumuogesha miguu, na mimi na mudogo wangu Muhindo tulitoka mbio. Atakayemgusa Baba wa kwanza ndiye atakayebeba pompe mpaka nyumbani, na mwenye pompe ndiye anayeruhusiwa kutia mukono kwenye mufuko wa koti. Ndani ya koti kulikuwa na beinye za Beni, ndiyo maandazi, zimepondeka, zina ladha ya mawese na jasho. Sijala kitu kitamu kama kile tena, na nimekwisha kula kwenye hoteli.

Siku ile mvua ilikuwa imekatika. Tukasikia kandambili. Mama akatia maji motoni. Tukakimbia. Muhindo aliteleza kwenye tope, mimi nikacheka, nikampita, nikashika ile fimbo ya usukani kwa mikono miwili nikipiga kelele, "Nimeshinda!"

Nikainua kichwa. Aliyeshika velo alikuwa Kasereka, rafiki ya Baba wa njiani. Nikaangalia nyuma yake. Barabara ilikuwa tupu.

"Baba iko wapi?"

Kasereka akafungua pompe kwenye chuma, akanipa. "Masika, shika kwanza pompe."

Ndivyo nilivyojua. Hakuna aliyenitamkia. Homa ilimchukua Beni, na wenzake walimzika kulekule sababu joto halingojei mutu. Muhindo alifika ametapakaa tope, akalia sababu nilikuwa nimeshika pompe. Mimi sikulia. Niliangalia ile kandambili, nikawaza: wewe umelia kwa nini basi, ukijua yeye hayuko?

Matanga yakapita, baba wakubwa na baba wadogo wakaja kugawa. Kwetu wakati ule mali ya marehemu ilikuwa ya ukoo, na mujane alikuwa sehemu ya mali. Walikaa uani na kasiksi yao, pombe ya ndizi, wakanywa, wakagawa: koti kwa huyu, jembe kwa yule, mbuzi wawili kwa mukubwa wa ukoo. Velo ikabaki mwisho. Kila mutu alikuwa akiiangalia bila kuiangalia. Ilikuwa imesimama kwenye muti wake wa panda kando ya ukuta, na vyombo vyake vyote, sawa bibi harusi.

Mimi nilikuwa nimejificha nyuma ya mulango, ninaomba Mungu. Nilijua jambo moja: tukiwa na velo, tutakula. Kasereka alikuwa amekwisha kumwambia Mama kwamba ataisukuma yeye, wagawane faida. Ilibaki Mama aseme tu. Watu wa ukoo, hata wakiwa na tamaa namna gani, walikuwa wanamuuliza mujane neno moja mbele ya watu, na kitu alichotaja mbele ya watu ilikuwa aibu kumunyima.

Mukubwa akauliza, "Mama Masika, ku vitu vya bwana yako, unataka nini?"

Mama hakuinua macho. "Velo muende nayo," akasema. "Munipatie tu vile vyombo vyake."

Baba mudogo Kambale, ambaye alikuwa akiivizia velo tangu siku ya kwanza ya matanga, akaweka kikombe chini. "Vyombo gani?"

"Fimbo. Kauchu. Kopo. Ile kandambili. Vyote vyenye bwana yangu aliongezaka. Muvifungue, mutie mu mufuko."

"Ile buchafu?"

"Njo ile."

Wakacheka! Watu wazima, na mukubwa wa ukoo akiwemo. Kambale alicheka mpaka kasiksi ikamutoka puani. "Bamwachie buchafu yake! Miti iko mingi Vuhovi, nitakata ingine kesho. Mama Masika, na hewa ya mu tairi ubakie nayo?"

Mama yangu! Mwanamuke aliyejua kubishania kitunguu kimoja sokoni mpaka muuzaji anaomba msamaha, leo ameulizwa mbele ya ukoo wote, akachagua takataka. Kambale akaondoka na velo tupu, imenyonyolewa kama kuku wa sikukuu. Ilipita mbele yetu bila sauti yoyote. Mama akauvuta ule mufuko ndani ya nyumba, akakaa juu yake.

Nilikataa kula. Nilimwambia neno ambalo mutoto hamuambii mama yake, sitalirudia. Hakunipiga. Hilo nalo lilinishtua.

Kambale alikuwa na haraka ya soko la Beni. Alikata fimbo za mikaratusi mbichi siku ileile. Alifunga muzigo na kamba ya katani. Breki, alisema, ni ya wazee. Kasereka alimwonya kama mudogo anavyomwonya kaka yake: "Yaya, ngoja miti ikauke." Akamujibu, "Weye unasukumaka velo ama unasukumaka maneno?"

Akaondoka kesho yake, na habari ilitufikia kabla ya jua kuzama. Kwenye muteremko wa kwanza ulio mukali, fimbo mbichi ikapinda, kamba ikalegea, muzigo ukalala upande mumoja, na chini ya velo hakukuwa na kitu cha kuizuia. Mashu yalibingirika mpaka mutoni, akina mama waliokuwa wakifua waliyaokota kama mana. Kambale walimrudisha kwenye kipoyo, machela ya miti, paja limevunjika, akimuita mama yake aliyekufa zamani.

Mimi nikapiga makofi. Ndiyo. Nilikuwa mutoto, na niliona haki. Nikakimbia kumwambia Mama, "Umeshinda!" Alikuwa anachambua sombe, majani ya muhogo. Sombe ikamuanguka. Akaweka mikono kichwani, akatoka nje bila viatu, akaenda kwa Kambale mbio kama mutu anayekimbiza mwizi. Alilala kule, akimkanda paja. Nikashangaa tena. Nikajiambia: huyu mwanamuke anajua kuficha furaha!

Kijiji kilianza kunong'ona. Wengine walisema ameiroga ile velo. Wengine walisema ana akili kuliko wanaume wote wa ukoo: aliwaachia chuma, akabaki na roho yake. Kambale alipoweza kusimama, alimtuma mutoto wake arudishe velo. Alisema, "Mama Masika, ile kintu ina hasira. Ibakie kwako."

Velo ikarudi. Kasereka akaifunga vyombo vya Baba, vyote isipokuwa kandambili; hiyo Mama alikataa kuitoa, akamwambia achonge breki ya ubao kama wenzake. Halafu kumba-kumba wengine wakaanza kuja. Walitaka kauchu zilizokatwa kama zile, miti iliyokauka kama ile. Watu walioamini ni akili walikuja, na walioamini ni uchawi walikuja mbio zaidi. Donc tulianza kukata. Mama alikata, mimi nilikata, Muhindo alitafuta shambiri kuukuu kwa madereva wa kamio. Shule niliachia darasa la tatu, kisu nilikijua kuliko kalamu. Wenye diplome wanikute hapa.

Nilikua na hadithi hiyo. Niliolewa nayo, nikafanya biashara nayo. Kila mara mutu alipotaka kunidharau sababu sina shule, nilimwambia vile Mama aliwachezea wanaume wa ukoo na mufuko wa takataka. Nilifundisha watoto wangu: mwenye haraka anachukua velo, mwenye akili anachukua kauchu. Niliisema kwenye harusi, niliisema hata kanisani, watu wakapiga makofi.

Mama alizeeka kwangu. Siku moja, kabla uzee haujamlaza kabisa kitandani, alinisikia dukani nikimwelezea mufanyabiashara mumoja hadithi ileile. Mutu alipotoka, akaniita.

"Masika, ile maneno unasemaka juu yangu, ulitoa wapi?"

"Mama, si ni weye uliwashinda!"

"Miye?" Akacheka kidogo, akakohoa. "Akili gani nilikuwa nayo ile siku? Nilikuwa sijui hata jina yangu."

"Sasa ulichagua vyombo juu ya nini?"

Akasema, "Nyumba ya Kambale ilikuwa nyuma ya yetu. Angepitaka pale kwetu kila safari. Ile kandambili ingelia kule juu. Weye na Muhindo mungekimbia." Akafuta macho na kitenge. "Miye pia ningetia maji ku moto. Nilitaka tu ile velo ipite kimya. Nikiomba kandambili peke, bangeniita mwendawazimu, njo nikaomba vyote. Sikuwaza muteremko. Ule mguu ya Kambale, Masika, ni miye nilivunja."

Nilikaa pale kwenye bido tupu. Miaka yote ile nilijenga nyumba juu ya ujanja wa mama yangu, kumbe niliijenga juu ya kilio chake. Na nikakumbuka siku ile alivyokaa juu ya mufuko, uzito wake wote, kama mutu anayeziba kinywa cha kitu.

Sasa ninasema hadithi vile ilivyo. Haiuzi sana kama ile ya kwanza, mais ni hiyo.

Leo nina duka la vyombo vya velo na moto, yaani pikipiki, hapa Butembo, lenye milango miwili. Nina meza nyingine sokoni Beni, inayoshikwa na binti yangu. Nina nyumba ya matofali na mabati. Nina shamba la vitunguu Vuhovi. Nina moto tatu zinazofanya kazi na moja iliyokufa. Nina watoto sita, wote wamesoma. Nina velo ya Baba, haina matairi. Na nina kandambili moja ya kushoto kwenye musumari nyuma ya mulango. Kila kitu dukani kina bei. Hiyo haina.