Buku la Mahamri na Saa Arobaini na Sita

Jacinta Ndinda alishuka Mombasa kutoka Makueni miaka ishirini na sita iliyopita, akiwa na sanduku moja na imani kwamba kazi yenye ratiba humalizika kwa ratiba. Imani hiyo aliizika Kibokoni, kwenye ukarabati wake wa kwanza, wa nyumba yenye wenyewe saba, kila mmoja na rangi yake ya mlango. Tangu hapo amesimamia miradi ya shule, zahanati na maghala, na hakuna jengo lake lililoanguka, jambo ambalo halitolewi cheti.

Cheti alichokuwa nacho kilikuwa cha usimamizi wa miradi. Chama kilichokitoa, chenye makao Nairobi, kilitaka kila baada ya miaka mitatu uthibitisho wa saa sitini za kujiendeleza. Asiyezitimiza hurudi kwenye mtihani. Jacinta, mwenye miaka hamsini na miwili, alikuwa na saa kumi na nne, siku tisa zilizobaki, na kumbukumbu kamili ya mtihani ule: alitapika kabla ya kuingia na baada ya kutoka.

Alizipima njia zote. Shahada ya uzamili ya jioni, miaka miwili. Warsha ya Nairobi, mwezi ujao. Masomo ya mtandaoni aliyaanza, akakwama kwenye swali la tatu: mteja akibadili mawazo katikati ya kazi, utafanyaje? Majibu yalikuwa manne, na hakuna lililosema uende barazani kwake, unywe kahawa, umuulize hali ya mamake, mpaka ayarudie mawazo ya kwanza. Alichagua la pili. Akakosa.

Ofisi yake ipo Makadara, juu ya duka la misumari na rangi la Latif, ambaye hupanda kila saa nne na birika la chai, kwa kuwa anaamini mtu wa ghorofani hapati habari za dunia.

"Mbona umekunja uso, dada? Kuna ukuta umeanguka?"

"Afadhali ungeanguka, Latif. Ukuta naujulia dawa." Akamsomea kanuni za chama kwa sauti, mpaka ukurasa wa tisa, ambao hakuwa amewahi kuufikia. Hapo akapunguza mwendo. Kufundisha wengine kazi hii nako kulihesabiwa, mradi kuwe na tarehe, mada, na saini za waliohudhuria.

"Si wafundisha kila Jumamosi kule Tononoka?"

"Kile ni kikao tu. Nakaa mkekani na manyapara, tunazungumza namna ya kupanga kazi. Orodha ya mahudhurio sina."

"Na buku la mahamri je?"

Nyapara mmoja, Kavumbi, stadi wa misingi, alikuwa akila mahamri sita ya kikaoni kabla wenzake hawajavua viatu. Jacinta akatoa amri: kila mtu mawili, na atie saini. Na kwa kuwa hawezi kuuacha ukurasa bila kichwa, juu aliandika tarehe na mazungumzo ya siku. Buku lilikaa kwa Tasleem, mkewe Latif, ambaye ndiye mpishi na alitaka kujua apike mangapi.

Latif akapiga simu. "Tasleem, lile buku la kina Kavumbi umelifanyani?" Akasikiliza muda mrefu kuliko ilivyohitajika. Jacinta alikuwa amesimama. "Lipo. Amelifunikia debe la unga."

Jumamosi thelathini na moja, saa moja na nusu kila moja. Jacinta alizipiga picha kurasa zote, zenye mafuta na zisizo na mafuta, akazituma. Siku nne alingoja. Siku ya tano chama kikauliza: kwa nini mhudhuriaji aitwaye Kavumbi ametia saini mara mbili kila wiki?

Akampigia. "Kavumbi, nataka ukweli."

"Mwalimu, mwili huu ni wa mahamri mawili?"

Jacinta akauandika ukweli huo neno kwa neno. Kesho yake jibu likaja: Bwana Kavumbi amehesabiwa mara moja, saa zote zimekubaliwa, cheti kimehuishwa. Jacinta akavua viatu chini ya meza, akamaliza chai iliyopoa, akaiona tamu. Zilikuwa zimepungua saa arobaini na sita. Alikuwa na nusu saa ya ziada. Aliitumia papo hapo, bila kujiendeleza popote.

Jumamosi akamsogezea Kavumbi mahamri manne. Kavumbi akatazama huku na huku, akatia saini, akajiandaa kutia ya pili.

"Moja yatosha," alisema Jacinta. "Nairobi wakujua."